Majina ya wapenzi yamekwenda wapi? Zamani Asha, Zuwena, Georgina. Siku hizi "beibi" tu

#1 Mwana_Isevya (Tabora)

Wakuu, habari za jioni.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Tabora. Redio kaseti yake ipo mpaka leo, kifuniko kimevunjika, kanda inashikiliwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Jumapili iliyopita niliifuta vumbi nikaweka kanda ya bendi ya Tabora Jazz, ikafika kwenye ule wimbo wa Asha. Mwanangu wa miaka kumi na moja akaniuliza, "Baba, Asha ni nani?"

Sikuwa na jibu, lakini swali lilinikaa kichwani wiki nzima. Nyimbo anazosikiliza yeye huwezi kuziuliza hivyo. Nani anaimbiwa? Beibi. Beibi ni nani? Hakuna. Nikachukua simu ya mke wangu nikapitia nyimbo thelathini za mapenzi alizohifadhi mwaka huu. Zenye jina la mtu zilikuwa mbili.

Hoja yangu ni hii: msanii wa zamani alikuwa na mpenzi, ndiyo maana akaimba mapenzi. Wa sasa anaimba mapenzi bila mpenzi. Ndiyo maana wimbo unavuma miezi mitatu halafu haukumbukwi. Sisi watu wa Tabora tuliwahi kuwa na mtunzi aliyesimama akataja jina mbele ya nchi nzima. Leo nani anathubutu?

Naomba mawazo yenu.

#2 MgebukaMkavu (Kigoma, Mwanga)

Swali zuri, ila hapo kwenye "sisi watu wa Tabora" turekebishane mapema. Mtunzi wa Asha ni Shem Karenga, na Shem ni mtu wa Kigoma. Alianzia Lake Tanganyika Jazz huku kwetu, Tabora Jazz alijiunga nayo baadaye, miaka ya 70. Mlichotoa Wanyamwezi ni chumba cha kulala na maembe.

#3 KaliuaKwetu

Hahaha #2, Muha hajambo! Lakini anasema kweli, mzee Shem ni wa ziwani. Alifariki 2014, Mungu amrehemu.

#4 Mwana_Isevya (Tabora)

Nimekubali #2, asante kwa kunisahihisha. Lakini bendi ilikuwa yetu, na Segere Matata ni mtindo wetu. Hapo sishuki.

#5 FundiRedio (Tabora)

Tabora haikuwa na bendi moja vijana. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilitangulia, na kulikuwa na Nyanyembe Jazz. Mji mdogo, bendi tatu za maana, na wote tulitegemea redio moja ya taifa kusikika nje ya mji.

Nirudi kwenye swali. Mimi natengeneza redio tangu 1979. Jibu langu ni kwamba wakati ule jina lenyewe lilikuwa habari. Kumbukeni kadi za salamu. Mtu ananunua kadi, anaandika majina ishirini, anaituma Dar es Salaam kwa posta, halafu anakaa wiki tatu karibu na redio akisubiri mtangazaji asome. Nimeona wateja wangu wanalia dukani kwa kusikia jina lao likisomwa, jina tu, bila neno lingine. Sasa katika nchi ya namna hiyo mtunzi akimwimba mwanamke kwa jina lake, amempa kitu kikubwa kuliko pete.

Leo mtoto wa darasa la tano jina lake lina picha mia nne mtandaoni. Kutajwa siyo tunu tena.

#6 Bint_Ujiji

#5 shikamoo mzee. Umenikumbusha bibi yangu na kadi zake, zilikuwa zinakaa kwenye sanduku moja na vyeti vya ubatizo vya jirani. Bibi ni Mwislamu, lakini yeye ndiye alikuwa na sanduku lenye kufuli.

#7 DijeiWaGungu (Kigoma)

Wakuu mimi napiga muziki kwenye harusi, nina miaka tisa kwenye kazi hii. Naomba niwape jibu la kazini.

Mwaka wangu wa pili nilipewa harusi moja ukumbi wa Mwanga. Bwana harusi anaingia, MC kanipa ishara, nikaweka Salima ya Linex na Diamond. Nilikuwa na sababu: Linex ni wetu, Diamond asili yake ya upande wa mama ni huku huku, ukumbi mzima watu wa Kigoma. Nikajua wataruka. Wakaruka kweli, isipokuwa meza moja. Bibi harusi hakuwa anaitwa Salima. Mchumba aliyeachwa ndiye alikuwa anaitwa Salima, na ukoo wa bibi harusi walikuwa wanajua.

Mama wa bibi harusi alisimama taratibu, akaweka glasi ya juisi mezani, akatembea ukumbi mzima mpaka kwenye mashine zangu. Hakupiga kelele. Alishika waya wa spika kwa vidole viwili akaniangalia usoni. Nikazima.

Tangu siku ile, kwenye fleshi yangu kuna folda imeandikwa ZISIZO NA JINA. Harusini natumia hiyo tu. Na siko peke yangu, waulizeni madijei wote. Msanii anajua wimbo wa mapenzi unaishi harusini, kwenye sendofu na kitchen pati. Wimbo wenye jina unafaa kwa bibi harusi mmoja. Wimbo wa "mpenzi wangu" unafaa kwa wote.

#8 MgebukaMkavu (Kigoma, Mwanga)

#7 pole sana kaka. Nadhani harusi hiyo nilikuwepo.

#9 DijeiWaGungu (Kigoma)

#8 kama ulikuwepo basi nyamaza hivyo hivyo, wana watoto watatu sasa.

#10 Neema_wa_Urambo

#7 ameniwahi, nilitaka kusema hivyo hivyo kuhusu stetasi. Mume wangu yuko mgodini Geita. Akinikumbuka hapigi simu, anaweka wimbo kwenye stetasi, mimi najua ni wangu. Aweke wimbo wa Asha? Nitamuuliza Asha ni nani kabla hajafika beti la pili. Wimbo usio na jina ni kama bahasha, kila mtu anaandika anwani yake.

#11 Msafiri_Uvinza

Mnaongea kana kwamba majina yameisha kabisa. Hayajaisha. Nitaje haraka haraka: Anita ya Matonya na Lady Jaydee. Latifa ya Mb Dogg. Sophia ya Ben Pol. Salome ya Diamond na Rayvanny, 2016. Na Diamond huyo huyo alitoa Zuwena mwaka 2023, jina lile lile la wimbo wa Marijani Rajab enzi za bendi ya Dar International. Nyimbo mbili tofauti, jina moja, miaka kama arobaini katikati. Hoja ya #1 imekufa.

#12 KaliuaKwetu

#11 Salome usiihesabu. Ule umejengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli wa Bukoba, jina limekuja na wimbo.

#13 Msafiri_Uvinza

#12 sawa, nimetoa Salome. Zimebaki nne.

#14 Mwana_Isevya (Tabora)

#11 nashukuru, lakini angalia orodha yako. Anita na Latifa ni za miaka ya 2000, vijana wa wakati ule walikuwa bado wanasikiliza kanda za baba zao. Na Zuwena ya 2023, je, jina lile lingekuwepo kama Marijani hangelitaja kwanza? Mimi nasikia kama mtu anayevaa koti la marehemu babu yake. Linampendeza, lakini ni la babu.

#15 Msafiri_Uvinza

Koti likivaliwa bado ni koti mkuu.

#16 Ustadh_wa_Katonga (Kigoma)

Assalam aleikum. Nimesoma wote, naona mnaanza hesabu katikati. Mnaanzia bendi za dansi. Anzeni nyuma zaidi.

Katika taarabu na mashairi yetu, mpenzi hatajwi. Anaitwa ua, waridi, njiwa, chungwa, lulu, asali. Kumtaja mwanamke wa watu mbele ya hadhara ni kumvunjia heshima yeye na wazee wake. Mshairi hodari ni yule ambaye mwenyewe anayeimbiwa anajijua, na jirani yake hajui. Hiyo ndiyo kazi ya fumbo. Sasa bendi za dansi zilipoanza kutaja majina, zilifanya jambo geni. Ninyi mmezaliwa mkalikuta, mkadhani ndiyo asili.

Tazameni leo nani anaimba mapenzi akasikilizwa. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, amekulia ndani ya taarabu. Mbosso ni mtu wa Kibiti, pwani. Wanaimba kwa mafumbo na mifano ya vyakula na maua. Sioni kilichopotea. Naona muziki umerudi nyumbani.

#17 Bint_Ujiji

#16 wa aleikum salaam Ustadh. Umenena, na huku Ujiji tunaishi hivyo. Sijawahi kumsikia babu akimwita bibi kwa jina. Alikuwa anakohoa mlangoni, bibi anajua ni yeye.

Lakini nina swali kwa wote humu, maana naona mnagawana wanawake kama mihogo. Mwanamke akiimba mapenzi, lini aliwahi kumtaja mwanamume kwa jina? Nitajieni nyimbo tatu. Lady Jaydee, Nandy, Mwasiti wetu wa hapa Kigoma, wote wameimba mapenzi mpaka tukalia. Majina ya wanaume yako wapi? Huu uzi unasema majina yamepotea. Kwa upande wetu hayakuwahi kuwepo.

#18 MgebukaMkavu (Kigoma, Mwanga)

#17 ninafikiria, nipe dakika.

#19 KaliuaKwetu

#17 mke wangu ananiita Baba wa mtoto wetu wa kwanza. Labda na wasanii wa kike ni hivyo hivyo, jina la mwanamume linapita kwa mtoto.

#20 Bint_Ujiji

#18 dakika zimepita arobaini.

#21 Mtu_wa_Rangi (Kibirizi, Kigoma)

Mimi si msanii wa kuimba. Naandika maandishi kwenye mitumbwi na boti hapa Kibirizi, nilifundishwa na mjomba. Naomba mnihesabu na mimi kwenye wasanii, maana mapenzi nayaandika kila wiki.

Mwenye mtumbwi anakuja na jina lake kwenye karatasi. Mengi ni ya Mungu, mengine ya timu, mengine ni vijembe kwa jirani. Jina la mwanamke likija, ukiuliza utaambiwa ni mama yake au binti yake. Jina la mke ni nadra sana. Nilimuuliza mzee mmoja wa dagaa kwa nini. Akaniambia chombo kinaweza kuzama, kinaweza kuuzwa, kinaweza kukamatwa. Nikiandika jina la mke wangu, siku hiyo watu watasema fulani kazama, fulani kauzwa. Mama hauzwi hata wakisema.

Mara moja tu kijana aliniletea jina la mchumba wake. Nikapaka bluu, nikazungushia nyeupe, nikaweka nukta ndogo nyekundu juu ya herufi ya i kwa sababu alikuwa na furaha sana. Miezi saba baadaye alirudi na kopo la rangi mkononi. Hakusema kitu. Nilipaka juu yake mara tatu, lakini jua likipiga ubavu wa mtumbwi saa kumi jioni, ile herufi ya kwanza bado inaonekana.

Nadhani wasanii wanaogopa kitu hicho. Mtumbwi unapakwa rangi upya. Wimbo ukishatoka huwezi kuupaka.

#22 Neema_wa_Urambo

#21 nimesoma mara mbili. Asante.

#23 FundiRedio (Tabora)

#21 kijana, wewe ni msanii. Ya herufi imenigusa.

Na umegusa jambo. Wasanii wakubwa wa sasa, mapenzi yao yanajulikana na nchi nzima. Kila wakiachana ni habari. Zamani Asha alikuwa jina tu, hukujua sura, hukujua kwao. Leo msanii akimtaja aliyenaye, kesho ana mwingine, na wimbo bado unapigwa. "Mpenzi wangu" inamfaa wa jana na wa kesho.

#24 Mpiga_Solo (Kigoma, Mwandiga)

Samahanini naingia na habari nyingine kidogo, lakini inahusu. Majina yapo kwenye nyimbo, tena mengi kuliko zamani. Yamehama tu kutoka kwa mpenzi kwenda kwa mwenye pesa.

Sisi wa ziwani tumekua na muziki wa Kongo, upepo ukiwa mzuri ng'ambo inasikika vizuri kuliko Dar. Kule kuna mabanga: mwimbaji katikati ya wimbo wa mapenzi anataja jina la tajiri aliyemlipa. Bendi zetu za dansi nazo zikaiga, tukawa na mapedeshee, yaani matajiri wanaolipa watajwe. Nimepiga gitaa kwenye bendi miaka sita. Nilishaona wimbo wa kumlilia mpenzi unasimamishwa beti la tatu ili mwimbaji ataje mwenye duka la vipuri, mwenye mabasi na diwani, kisha tunarudi kulia. Pesa inabandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji. Jina lilipopata bei, la mpenzi likakosa nafasi. Asha angelipa nini?

#25 Mwana_Isevya (Tabora)

#24 hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Linauma.

#26 Ustadh_wa_Katonga (Kigoma)

#24 sikubaliani nawe moja kwa moja. Kutunza kupo kwenye taarabu tangu zamani, mtu anacheza mpaka mbele anatoa pesa, na bado wimbo haukutaja mtu. Pesa peke yake haielezi.

#27 Mpiga_Solo (Kigoma, Mwandiga)

#26 kwenye taarabu anatunza kwa sababu fumbo limempiga, au anataka limpige mwenzake. Kwenye bendi analipa ili asikike yeye. Ni pesa mbili tofauti Ustadh.

#28 Ustadh_wa_Katonga (Kigoma)

#27 hapo umenifundisha.

#29 Mzalendo_Igunga

Hivi tatizo ni majina au matusi? BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ilifungia wimbo unaoitwa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond mwaka 2018 kwa sababu ya maneno. Mapenzi ya siku hizi ni kitanda tu.

#30 Bint_Ujiji

#29 fungua uzi wako wa matusi, tutakuja. Huu ni wa majina. Na swali langu la #17 bado halijajibiwa.

#31 MgebukaMkavu (Kigoma, Mwanga)

#30 bado natafuta, kweli natafuta. Nimemuuliza hadi dada yangu.

Ila wacha niseme la Kigoma kabla sijasahau. Watu wanashangaa kwa nini mkoa mmoja umetoa waimbaji wengi wa mapenzi: Linex, Mwasiti, Peter Msechu, na wenye asili ya huku kama Diamond na Alikiba. Mwaka 2012 wakakusanyika Kigoma All Stars wakafanya Leka Dutigite. Maelezo yangu ni reli. Ilifika Kigoma 1914, na tangu hapo kila ukoo huku una mtu aliyepanda treni akaenda Dar. Umeachwa stesheni mara ngapi? Mimi nimeachwa mara mbili. Mtu wa huku anajifunza kuaga mapema, na kuaga ni nusu ya wimbo wa mapenzi.

#32 KaliuaKwetu

#31 treni hiyo hiyo inapita Kaliua, na hatujatoa hata msanii mmoja mkubwa. Tafuta maelezo mengine.

#33 MgebukaMkavu (Kigoma, Mwanga)

#32 inapita kwenu usiku, mmelala.

#34 Neema_wa_Urambo

Jamani Mwana_Isevya, mimi nina swali dogo. Mama yako naye anaitwa Asha?

#35 Mwana_Isevya (Tabora)

#34 hapana. Na umenifanya nifanye kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kufungua uzi. Nimempigia mama sasa hivi. Nimemuuliza alikuwa anajisikiaje baba akipiga wimbo wa mwanamke mwingine kila Jumapili ndani ya nyumba yake.

Amecheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniambia, "Wewe, ile haikuwa Asha. Baba yako kila ikifika pale alikuwa anaongeza sauti yake juu ya redio anaweka jina langu."

Nimekaa. Nimeusikia wimbo ule utoto wangu wote, na nakumbuka baba alikuwa anaimba kwa nguvu sehemu moja. Nilidhani ni kwa sababu anaupenda.

#36 DijeiWaGungu (Kigoma)

Basi na mimi folda yangu haina maana. Kumbe watu walikuwa wanabadilisha.

#37 Neema_wa_Urambo

Kumbe hata wenye jina ulikuwa bahasha.

#38 FundiRedio (Tabora)

#35 sasa nieleze kitu kimoja kama fundi. Asha ni silabi mbili. Jina la mama lina ngapi?

#39 Mwana_Isevya (Tabora)

#38 nne mzee. Nimemuuliza hilo pia. Anasema alikuwa analikimbiza, akichelewa anaingia kwenye gitaa.

#40 Mpiga_Solo (Kigoma, Mwandiga)

Silabi nne pale? Nimejaribu hapa na gitaa, inaingia ukiianza kabla ya mpigo. Mzee wako alikuwa na sikio.

#41 FundiRedio (Tabora)

Mwana_Isevya, hiyo kanda usiipige tena kwenye mashine yenye mpira wa baiskeli, itakula utepe. Mimi nipo karibu na soko kuu, uliza fundi wa redio wa zamani. Iletee, nitaisafisha nikuhamishie kwenye fleshi. Sitachukua pesa.

#42 Mwana_Isevya (Tabora)

#41 nakuja kesho asubuhi mzee, nakuja na mama.

#43 Bint_Ujiji

Mwambieni mama mtu asiondoke huko bila kutuambia yeye alikuwa anaweka jina la nani.